Mke wa Ng'ambo

Swaliki ni dereva wa lori. Anakaa Busia, upande wa Uganda, pamoja na mkewe Madina. Watoto wao wamekua, wameondoka. Shafic yuko Kampala, Rukiyah ameolewa Mbale. Nyumbani wamebaki wazee wawili na kuku.

Swaliki hapendi neno hilo, "wazee". Ana miaka hamsini na sita. Tumbo lake huingia mlangoni kabla yake. Lakini ukimwita mzee, atakuuliza wewe ulizaliwa lini.

Kazi yake ni kubeba mahindi. Huyapakia Sop Sop, huko Tororo, halafu huvuka nayo mpaka hadi kwenye maghala ya ng'ambo, Kenya. Mpakani malori hupanga foleni na madereva hungoja. Swaliki akingoja huvuta sigara. Baada ya sigara hunywa soda. Baada ya soda huagiza chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Foleni ikiwa ndefu sana, hulala ng'ambo na kurudi kesho yake.

Madina alishazoea. Yeye huuza vitenge sokoni. Mke wa dereva hujifunza mapema kupika chakula kinachokubali kupashwa moto.

Lakini mwaka huu foleni ilianza kuwa ndefu kila mara. Leo foleni, kesho foleni. Na siku Swaliki aliporudi nyumbani, aligeukia ukuta akalala. Madina akimgusa bega, alisema, "Mama Shafic, niache. Mgongo inaniuma."

Ajabu ni kwamba mgongo huo haukumzuia kuendesha lori kutwa nzima.

Hapa kwetu mpakani tuna tabia moja mbaya. Mume akianza kukaa mbali na mkewe, hatuulizi kama anaumwa. Tunauliza ng'ambo ana nani. Tunasema mwanamume wa mpakani ana mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Tunasema hivyo huku tukicheka. Mwenye mume hacheki.

Siku moja Felistus, jirani yake Madina sokoni, alimsogelea.

"Mama Shafic, usikasirike," alisema. "Jana nilivuka kununua sabuni. Nimeona lori ya baba Shafic nyuma ya maghala. Imesimama tangu mchana. Iko tupu."

"Yeye alinipigia simu, akasema iko kwa foleni," Madina alijibu.

"Foleni ya kwenda wapi, na lori iko tupu?"

Madina alikunja kitenge alichokuwa akimwonyesha mteja. Alikikunja vibaya, akakikunja tena. Kisha akasema, "Felistus, niangalilie biashara. Mimi navuka."

Alikaza mkanda wa gauni lake la gomesi, akaenda. Njiani moyo ulimwuma. Dini yao inamruhusu mwanamume kuoa mke wa pili, na Madina alijua hilo. Lakini dini haikusema mtu aoe kwa kujificha. "Kama ni kweli," alijiambia, "nitarudi kwetu Bugiri. Siwezi kuzeeka na mtu anayenidanganya."

Alivuka mpaka kwa miguu. Kwenye maghala alimwuliza mpagazi mmoja, "Mzee Swaliki, dereva wa mahindi, huwa analala wapi?"

"Huyo? Huyo ni wa kwa Maggie," mpagazi alisema, akamwonyesha geti la buluu.

Kwa Maggie! Madina alisukuma geti bila kupiga hodi. Uani kulikuwa na mwanamke mnene, akianika mashuka kwenye kamba.

"Wewe ndiye Maggie?"

"Ndiyo mimi. Karibu, mama. Unataka chumba?"

"Sitaki chumba. Nataka mume wangu."

Maggie alicheka. "Hii ni gesti ya madereva, mama. Waume wa watu wako hapa wengi. Wako ni yupi?"

"Swaliki."

Maggie aliacha kucheka. Alijipangusa mikono, akamtazama Madina vizuri.

"Ametoka kwenda msikitini," alisema. "Wacha nikuambie ukweli, mama, ndio usije ukapasua madirisha yangu. Mimi mzee wa mtu simtaki, wangu mwenyewe ananitosha kwa kelele. Huyo mzee wako hulala peke yake. Njoo uone."

Alimpeleka kwenye chumba kimoja kidogo. Kulikuwa na kitanda chembamba cha mtu mmoja. Chini ya kitanda kulikuwa na kandambili za Swaliki. Juu ya meza kulikuwa na jagi kubwa la maji, tupu.

"Hilo jagi nalijaza jioni," Maggie alisema. "Kabla sijalala limeisha. Halafu ni choo, choo, choo usiku kucha. Mpaka madereva wengine wanalalamika juu ya kelele za mlango."

"Na wanawake?"

"Wanawake gani? Hana hata nguvu ya kuongea. Lakini sikiliza. Babangu alikuwa vivyo hivyo, maji na choo. Kumbe ilikuwa ugonjwa wa sukari. Nilimwambia mzee akapimwe, akanifokea. Akaniambia yeye si mgonjwa."

Madina alikaa kwenye kile kitanda chembamba, akacheka huku machozi yakimtoka. Hakuna mwanamke! Alikuja kutafuta mke mwenza, akakuta jagi.

Kisha furaha ikaingiwa na hofu. "Kama hana mwanamke," alisema, "basi ananikimbia nini?"

"Hilo muulize yeye," Maggie alisema. "Lakini kwanza kunywa chai. Umetisha hata mashuka yangu."

Madina hakumngoja Swaliki pale. Ugomvi wa mtu na mumewe una nyumba yake. Alirudi nyumbani, akakaa na lake moyoni. Swaliki alirudi Ijumaa baada ya swala. Madina alimwekea pilau, akamnawisha mikono, akakaa mbele yake.

"Baba Shafic," alisema, "mimi nimekwenda kwa mke wako wa ng'ambo."

Mtu asiye na mke ng'ambo angeuliza, "Mke gani?" Swaliki hakuuliza. Aliacha kutafuna. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Mama Shafic. Ni shetani tu."

Madina alishangaa mpaka akasahau kukasirika. Akaamua kumwacha aendelee.

"Iko aje huyo mwanamke? Mrefu ama mfupi?"

"Mrefu. Mrefu kidogo."

"Anaitwa nani?"

Swaliki aliitazama pilau. "Anaitwa... Akongo."

"Ana mtoto?"

"Hapana. Ndiyo. Iko moja."

"Mtoto anaitwa nani?"

Swaliki alifungua mdomo. Jina la mtoto likakosekana.

"Swaliki!" Madina alipiga meza. "Nimefika kwa Maggie. Nimekaa kwa kitanda yako. Hata paka wawili hawawezi kulala pale. Mimi nimeona wanaume wanakataa wanawake walio nao. Lakini mtu kuungama mke ambaye hana, hiyo sijaona. Kwa nini unajisingizia?"

Swaliki alisukuma sahani kando.

"Afadhali watu waseme Swaliki ana mke ng'ambo," alisema mwishowe, "kuliko waseme Swaliki amekwisha."

"Amekwisha nini?"

"Nguvu ya kiume, Madina." Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya tangu Shafic azaliwe. "Imekataa. Ilianza polepole, mwaka jana. Sasa hakuna kitu. Nikirudi nyumbani naogopa utanigusa. Nikasema, wacha adhani niko na mwingine. Atakasirika, lakini bado ataniona mwanaume."

Madina alifunika uso kwa mikono. Miezi yote hiyo alikuwa akijitazama kwenye kioo, akihesabu mikunjo yake mwenyewe.

"Na mimi nilidhani umenichoka," alisema.

"Nikuchoke wewe? Nibaki na nani?"

Walilia wote wawili, pilau ikapoa. Swaliki akamweleza yote. Kwenye maegesho ya malori alinunua unga wa nguvu kwa mchuuzi. Alipoutia kwenye chai, moyo ulimwenda mbio mpaka akadhani anakufa. Dereva mwingine alimwambia amerogwa. Tena kulikuwa na vidonge vya presha alivyopewa zamani. Aliviacha, kwa sababu madereva walimwambia ndivyo vinavyommaliza mwanamume.

"Sasa tunakwenda kwa daktari," Madina alisema.

"Hapa Busia? Wote wananijua!"

"Basi hospitali ya Dabani."

"Dabani ndiyo kabisa. Mpaka mbuzi wanajua lori yangu."

Wakakubaliana kwenda kituo kimoja cha afya upande wa Kisoko. Huko Swaliki hakuwa na mteja hata mmoja.

Walipokelewa na Sista Florence, muuguzi wa makamo, mzaliwa wa huko huko Kisoko. Aliwakaribisha, akauliza habari za safari.

"Shida ni nini, mzee?"

"Mgongo," Swaliki alisema.

"Upande gani?"

Swaliki alionyesha kulia. Kisha akaonyesha kushoto.

"Sista," Madina alisema, "mgongo yake iko salama. Shida iko mbele."

Sista Florence hakucheka. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Mzee, wanaume wengi wanakuja hapa na mgongo, na mgongo yao ni mzima," alisema. "Sema tu. Mimi nimesikia hiyo maneno mara nyingi sana, na haitoki katika chumba hii."

Swaliki alisema. Alianza akiangalia sakafu, akamaliza akimwangalia Sista. Mwishoni akauliza lililokuwa likimkera, "Sista, nani ameniroga?"

"Ngoja kwanza. Asubuhi lori yako ikikataa kuwaka, unasema imerogwa?"

"Hapana!" Hapo Swaliki alijua alichokuwa akiongea. "Naangalia betri. Naangalia waya. Naangalia kama mafuta inafika kwa injini."

"Basi tuangalie mwili wako namna hiyo. Uume unasimama kwa sababu damu inaingia nyingi na kukaa pale. Kwa hivyo mishipa ya damu lazima iwe wazi. Hiyo ndiyo mipira yako ya mafuta. Halafu kuna mishipa ya fahamu, inaleta habari kutoka kichwani. Hiyo ndiyo waya. Kimoja kikiharibika, gari haiwaki, hata kama dereva anataka sana kwenda."

Madina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaelewa.

"Na nini inaharibu?" Swaliki aliuliza.

"Kwa watu wa umri wako, mara nyingi ni magonjwa. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, inaharibu mipira na waya pia. Presha ya juu inaharibu mishipa. Mafuta yanaganda ndani yake. Unavuta sigara?"

Swaliki alisita. Madina akakohoa.

"Navuta."

"Sigara inabana hiyo mishipa. Pombe nyingi pia ni mbaya. Unene, kukaa siku nzima bila kutembea, vyote vinachangia. Wengine homoni ya kiume inapungua. Wengine wamefanyiwa operesheni ya tezi dume. Na wengine mwili ni mzima, lakini wana mawazo, au huzuni, au ugomvi nyumbani. Na ukishashindwa mara moja, unaingia na hofu, hiyo hofu nayo inakushinda mara ya pili."

"Si uzee, basi?"

"Uzee peke yake hauzimi. Mtu mzima anachukua muda zaidi kuamka, si kama kijana. Hiyo ni kawaida. Lakini ikikataa miezi na miezi, usiseme 'nimezeeka' ukakaa. Niambie, asubuhi ukiamka kutoka usingizini, huwa inasimama yenyewe?"

"Zamani ndiyo. Sasa hapana."

"Hiyo inanionyesha pengine tatizo liko mwilini, si mawazo peke yake. Leta mkono, tupime."

Alimfunga mkanda wa presha. Alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo. Alimpima uzito. Akamwuliza kama miguu humchoma na kufa ganzi, na Swaliki akakiri. Siku hiyo hiyo majibu yalitoka: sukari ilikuwa juu sana, na presha pia ilikuwa juu. Sista alimwambia arudi kesho asubuhi bila kula, ili wapime tena na kuhakikisha.

Alipoambiwa, Swaliki alifanya jambo ambalo Sista Florence hakulitarajia. Alitabasamu.

"Kwa hivyo mimi sijakwisha?" aliuliza.

"Wewe hujakwisha. Wewe unaumwa. Hayo ni mambo mawili."

"Alhamdulillahi!" Swaliki alisema, akavuta pumzi iliyomjaa kifua chote. Hajawahi mtu kufurahia ugonjwa namna ile katika kituo kile.

"Lakini usicheze nao," Sista alisema, na sasa sauti yake ilikuwa kali. "Mishipa ya kule chini ni myembamba kuliko ile ya moyo. Ndiyo maana inaziba mapema. Mwanaume akianza kupata shida hii, moyo na ubongo unaweza kufuata. Mwili umekupigia honi. Wanaume wengi wanasikia honi, wanaona aibu, wanajificha. Halafu siku moja wanaanguka."

Madina alimkamata mumewe mkono.

"Na zile vidonge ya presha," Swaliki aliuliza, "si ndiyo iliniharibu?"

"Dawa chache zinaweza kumletea mtu shida hiyo, ni kweli. Ukiona hivyo, rudi, tutabadilisha. Usiache mwenyewe. Presha bila dawa inaharibu zaidi. Na ule unga wa mchuuzi, uko wapi?"

"Kwa lori."

"Tupa. Hakuna anayejua ndani kuna nini. Dawa ya kusaidia uume iko, lakini anatoa daktari, baada ya kupima moyo wako. Mtu anayetumia dawa fulani za moyo akiimeza, presha inaweza kushuka ghafla akafa. Kwanza tutibu sukari na presha. Halafu nitakutuma kwa daktari hospitalini, aangalie moyo, ndiyo aseme kama unahitaji hiyo nyingine."

Kesho yake walirudi, na majibu yakawa yale yale. Swaliki akapewa dawa za sukari na za presha.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Soda aliiacha kwa urahisi, kwa sababu Madina alimtishia. Chai bila sukari aliinywa kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Sigara ndiyo iliyompiga vita. Aliacha, akaiba moja, akaacha tena, akafoka wiki nzima bila sababu, kisha ikamwachia. Kwenye foleni, badala ya kukaa ndani ya lori, alianza kutembea kutoka mwanzo wa foleni hadi mwisho wake, akisalimia wenzake. Madina alipunguza mchele kwenye sahani yake, akaongeza sukuma wiki na maharage. Swaliki alinung'unika, akala.

Jambo moja lilibadilika mara moja. Lori likiwa tupu, Swaliki alirudi nyumbani. Maggie alipoteza mteja, akafurahi.

Baada ya miezi michache, sukari ilishuka na presha ikatulia. Safari za choo zilipungua, miguu ikaacha kuchoma. Daktari wa hospitali alimpima moyo, akaridhika, akamwandikia dawa nyingine ya kumeza siku anapoihitaji. Akamwambia asishangae ikikataa siku nyingine.

Yaliyofuata ni ya nyumba ya watu, na sisi hatukuwepo. Tunachojua ni kwamba asubuhi moja Madina alichelewa kufungua biashara yake. Felistus alimwuliza mara mbili anacheka nini. Hakujibiwa.

Na kweli siku nyingine ilikataa. Siku hizo hawakuoneana aibu. Waliongea mpaka usingizi ukawachukua, kuhusu Shafic, kuhusu bei ya mahindi, kuhusu jinsi Swaliki alivyotaka kumpa mtoto wa Akongo jina akakosa.

Jumapili moja mchana walikuwa wamekaa barazani, Madina akimkata Swaliki kucha za miguu. Sista alikuwa amewaambia wachunge miguu hiyo isipate kidonda.

"Mama Shafic," Swaliki alisema, "na kama ingekataa kabisa? Isirudi hata kidogo?"

Madina hakuinua kichwa.

"Siku ile nilivuka mpaka," alisema, "unadhani nilikuwa natafuta hiyo? Nilikuwa natafuta wewe. Leta mguu ya pili."

Swaliki akaleta mguu wa pili.